Gauni Lililobanwa Mara Tatu

Wifi yangu ana macho ya kupima. Mtu akiingia kwenye chumba chetu cha kushonea, kabla hata hajasalimu, wifi keshajua kiuno chake, urefu wa mikono yake na bega lipi limeshuka kuliko lenzake. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Sentimita, na watoto wanaoletwa kushonewa sare za shule humwogopa kidogo, wakidhani anaona mpaka walichokula. Mimi ni dada wa mume wake. Mwaka huu ni wa kumi na tisa tunafanya kazi chumba kimoja: yeye mbele kwenye meza ya kukatia na cherehani yake, mimi nyuma kwenye ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, pamoja na vifungo na pasi. Watu hudhani mawifi wawili hawawezi kukaa pamoja muda huo wote bila kutoana macho. Wanaweza, ilimradi mmoja awe mpole na mwingine awe na mdomo. Mdomo ni mimi.

Naanza na hayo ili ieleweke kwamba kama kuna mtu aliyepaswa kuona, ni mimi. Kati ya kiti changu na chake ni hatua tatu.

Miaka miwili iliyopita alitolewa figo moja kwa sababu ya saratani. Akapona, akarudi kazini, tukaamini yamekwisha. Kisha kikaja kikohozi kikavu kisichosikia dawa, akapigwa picha ya kifua, na daktari akatuonyesha madoa manne kwenye mapafu. Ugonjwa ulikuwa umehama. Kaka yangu, ambaye ni fundi wa lifti na huning'inia kwenye majengo marefu bila kutetemeka, alikaa kwenye kiti mbele ya daktari akashindwa kusimama. Wifi ndiye aliyeuliza kinachofuata. Daktari akasema atamwekea dripu ya kuamsha kinga ya mwili, mara moja kila baada ya wiki tatu.

Nesi wa kitengo cha saratani ndiye aliyetueleza vizuri. Ni mwanamke mrefu, hana haraka, na ana tabia ya kukuuliza umeelewa nini badala ya kukuuliza kama umeelewa. Alisema mwili una walinzi wake, na saratani imewalaghai wakasinzia. Dripu inawaamsha. Shida ni kwamba mlinzi aliyeamshwa kwa kishindo huweza kumshika mwizi na mwenye nyumba pia. Wanaweza kuvamia ngozi, utumbo, ini, mapafu, hata ile tezi ya shingoni. Kwa hiyo wifi akiona upele, macho ya njano, pumzi kukata, kichwa kuuma bila kupoa, uchovu usio wa kawaida, na hasa akianza kuharisha, apige simu siku hiyohiyo. Akampa kadi ya kutembea nayo, yenye jina la dawa na namba ya simu. Akasema dalili zaweza kuja wiki ya pili, zaweza kuja mwezi wa sita, na kwamba zikiwahiwa nyingi hutulizwa.

"Usingoje siku ya kliniki," alisema. "Na usijitibu."

Wifi alirudia yote kama alivyofundishwa, hakuacha hata moja. Nilijivunia kuwa naye.

Na mwanzoni alifanya hivyo hasa. Baada ya dripu ya pili mikono ilimwasha, ikatoka vipele vidogo kama vya joto. Akapiga simu, akaandikiwa krimu, vikaisha. Baada ya dripu ya tatu kikohozi kikapungua. Akaanza kuimba tena wakati wa kukata, kitu ambacho nilikuwa nimekikosa bila kumwambia, kwa sababu kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikilalamika kwamba anaimba puani.

Siku ya dripu ya nne tulikwenda pamoja, mimi na yeye. Nilimwacha kwenye benchi nikaenda dirishani kuchukua faili lake. Foleni ilikuwa ndefu, nikarudi baada ya nusu saa, nikamkuta akiongea na bwana mmoja mwenye kofia ya sufu. Walichoongea nilikijua baadaye kabisa, lakini nakisema sasa hivi kwa sababu ndicho kilichotuponza. Tumbo la wifi lilikuwa limeanza kulegea siku tatu kabla, na alikuwa amekuja na nia ya kusema. Yule bwana akamwambia kwamba yeye alisema tumbo lake linamsumbua, wakamkatia dripu palepale, na sasa anakuja kutazamwa tu. Alimaliza kwa kumwambia kwamba pale mtu akifungua kinywa anapoteza dawa. Sina kinyongo naye. Alieleza lililompata, ila hakueleza lilianza lini wala alikaa nalo muda gani kabla ya kulisema.

Tukaingia kwa daktari. Akageuza kioo cha kompyuta ili tuone, akaweka picha ya zamani upande huu na picha mpya upande ule. Madoa manne. Madoa mawili. Mawili yalikuwa yamefutika, na yaliyobaki yamesinyaa. Nililia machozi ya furaha hadharani, jambo ambalo wengine wakilifanya huwa nawasema. Wifi hakulia. Alizitazama zile picha mbili kwa jicho lake la kazi.

Kisha tukapita kwa nesi. Akampima uzito, akasema umepungua kilo mbili. Wifi akajibu kwamba ameacha sukari. Nesi akamuuliza kuhusu ngozi, kikohozi, usingizi.

"Na choo?"

"Cha kawaida," wifi alisema.

Nesi akanigeukia mimi. Nami, nikiwa bado nimelewa zile habari njema, nikasema huyu hana tatizo, ni mzima kuliko mimi. Nilisema hivyo kwa kinywa changu hiki. Akatundikiwa dripu ya nne.

Wiki iliyofuata wifi akaanza safari za dukani. Choo cha jengo letu kiko nyuma, na kukifikia ni lazima upite mbele ya meza yangu, uchukue ufunguo ukutani. Duka la vifungo liko mtaa wa pili, na mwenye duka ni rafiki yake ambaye ana choo chake ndani. Basi wifi akawa anakwenda kununua vifungo. Asubuhi vifungo. Saa nne vifungo. Mchana, badala ya kula, vifungo. Nilimwuliza kama tumepata oda ya jeshi. Akacheka, akaweka pakiti nyingine mezani. Chakula akisema ameshakula nyumbani, na nyumbani akimwambia kaka yangu ameshakula kazini. Kaka huondoka alfajiri na kurudi jioni akiwa hoi; anaamini anachoambiwa, hasa na mke wake.

Kitu kimoja nilikiona, nacho nikakisoma vibaya. Nguo zilimkaa. Mgonjwa anayekonda nguo humwagika mwilini, kila mtu anajua hilo, na mimi niliye kwenye kazi hii najua zaidi. Wifi hakumwagikwa na nguo hata siku moja. Lile gauni lake la bluu, la kola ndogo, lilimshika kiunoni utadhani limeshonwa jana. Siku moja nikamtania kwamba ugonjwa umemkubali, na nikiupata mimi nitaurithisha kwa binti zangu. Akaniambia nifunge mdomo nishone vifungo.

Siku niliyojua ilikuwa siku ya kawaida kabisa, kabla ya adhuhuri. Alikuwa akitia mafuta cherehani, kopo likaponyoka, mafuta yakamwagikia gauni pajani. Akalivua nyuma ya pazia la wateja, akavaa koti la kazi, akanirushia gauni nilitoe doa kabla halijakomaa. Nikalisugua kwa sabuni, nikalikausha, nikaligeuza ndani nje ili nilipige pasi.

Ubavuni kulikuwa na mishono mitatu, kila mmoja sentimita moja ndani ya mwenzake, imenyooka kama mistari ya daftari. Nikageuza ubavu wa pili, na wenyewe mitatu. Sentimita tatu kila upande, mbele na nyuma. Mtu wa kazi yetu hahitaji karatasi kujua hiyo ni kumi na mbili kiunoni. Alikuwa akikonda, na kila alipokonda alikaa kwenye cherehani akajibana, ili asubuhi nimwone yuleyule.

Kilichonimaliza ni kwamba hakuwa amekata. Ukibana nguo moja kwa moja unakata kitambaa kilichozidi, unapitisha ovaloki, basi. Yeye alikiacha chote ndani, kimekunjwa vizuri na kulazwa kwa pasi, ili akinenepa afumue tena. Nilikaa na ile nguo magotini, pasi ikitoa mvuke pembeni, nikahisi hasira na huruma kwa pamoja, na sikujua nianze na ipi. Kwa kawaida mimi huanza na hasira. Siku ile nilianza na swali.

Nikazima pasi, nikaenda nikasimama mbele ya meza yake.

"Wifi, ni mara ngapi kwa siku?"

Hakuinua macho. Alikuwa akikata mkono wa shati na mkasi haukusimama. "Mara ngapi nini?"

"Unajua nini."

Akamaliza kukata mpaka mwisho wa mstari wa chaki. Akaweka mkasi.

"Jana tisa. Leo sijahesabu."

"Kuna damu?"

"Tangu juzi. Kidogo."

Nilimuuliza kwa nini. Nilidhani atasema aibu, au hofu ya kulazwa. Aliniangalia kama anayemweleza mtu jambo lililo wazi.

"Yalikuwa manne, sasa mawili. Ungekuwa wewe ungesema?"

Ndipo akanieleza habari za yule bwana wa kofia. Kwa hesabu zake, zilibaki dripu mbili au tatu za kufuta madoa mawili, na tumbo angejikaza kisabuni mpaka hapo. Alikuwa akimeza vidonge vya kufunga tumbo alivyonunua duka la dawa, viwili viwili, baadaye vinne vinne. Nikaufungua mkoba wake bila kuomba ruhusa, nikaitoa kadi. Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya moto na havikuwa na nguvu, nikaviondoa kirahisi mno, na urahisi ule ulinitisha kuliko damu.

Nesi alipokea simu mwenyewe. Hakushangaa wala hakufoka. Aliuliza ni mara ngapi zaidi ya kawaida yake, damu ya namna gani, tumbo linauma au limejaa, kuna homa, anakunywa nini, amemeza nini. Nilipotaja vidonge akasema asimeze tena, vilivyobaki tuje navyo, na tuje sasa hivi, si kesho. Tukafunga duka. Wifi alisisitiza kwanza nipachike kibao cha kuwaeleza wateja wa sare. Nikampa za uso, akaniacha nikafunga hivyohivyo.

Walimlaza. Walimwekea maji kwanza, maana alikuwa amekauka, midomo imechanika. Wakachukua choo kukipima kama kuna vijidudu, wasije wakatibu kitu kisichokuwepo. Hakukuwa na vijidudu. Wakaingiza kamera kutazama utumbo, na daktari akatuambia umechubuka na kuvimba, ni wale walinzi, wameuvamia. Akasema pia kwamba vile vidonge vilikuwa vikificha moto bila kuuzima, na kwamba wiki moja zaidi utumbo ungeweza kutoboka. Kaka yangu alisimama mlangoni akiwa na kofia yake ya kazini mkononi. Alikuwa akijilaumu kwa sauti, kwamba analala kitanda kimoja na mtu anayepotea na yeye hajui. Nikamwambia angalau yeye hakumhakikishia nesi kwamba mgonjwa ni mzima, kama nilivyofanya mimi.

Walimpa steroidi kwa njia ya mshipa, dawa ya kuwatuliza walinzi. Siku ya kwanza hatukuona tofauti. Siku ya pili alikwenda mara sita. Siku ya nne mara tatu, hakuna damu, akaomba uji. Sijawahi kufurahia habari za choo cha mtu mzima namna ile. Niliwapigia ndugu simu kuwaambia.

Siku ya tano daktari alikuja, akavuta kiti akakaa, na daktari akikaa unajua kuna jambo. Akasema dripu ya kinga hairudi. Kwa jinsi utumbo ulivyoumia, kuirudisha ni kumhatarisha. Watamtazama kwa picha, na madoa yakianza kukua watafikiria njia nyingine.

Wifi alikubali kwa kichwa. Daktari alipoondoka akamwita nesi. Kaka alikuwa ameshuka chini, tulibaki watatu.

"Kama ningesema siku ile ulipouliza," alisema, "mngenikatia?"

Nesi angeweza kumbembeleza. Nilitamani ambembeleze. Lakini alisogea akashika chuma cha kitanda.

"Siku ile tungeisimamisha kwanza. Tungekupa vidonge, tukangoja utumbo utulie. Walio wengi wanaosema mapema namna ile, hurudishiwa."

"Kwa hiyo niliikata mwenyewe."

"Uliogopa," nesi alisema. "Nami nilikuuliza kwa haraka. Ningekuuliza ni mara ngapi."

Wifi akageukia ukutani. Nilikaa nikamshika mguu juu ya shuka mpaka alipolala.

Alirudi nyumbani na vidonge vya steroidi na karatasi ya kuvipunguza. Hivi vidonge haviachwi ghafla, unateremka ngazi moja moja, wiki baada ya wiki, la sivyo mwili unakuangusha au walinzi wanarudi upya. Kaka yangu aliibandika ile karatasi kwenye mlango wa jokofu akawa anatia alama kila asubuhi kabla hajaondoka, kwa kalamu ileile anayotumia kukagua lifti. Wifi akapata njaa ya ajabu. Akawa anaamka kabla ya ndege, uso umejaa kama mkate, sukari inapimwa kila wiki. Na hasira! Yule mpole wangu akawa anamfokea mteja kwa sababu ya zipu. Kwa wiki mbili tatu mdomo wa duka akawa yeye, mimi nikawa wa kuomba radhi. Nesi alisema ni dawa, itapita, na ikapita. Nilimwambia wifi kwamba sasa anajua kazi ninayoifanya kila siku bila kulipwa.

Lakini alikuwa amebadilika kwa jambo jingine pia. Hakuimba. Alishona vizuri kama zamani, akaongea na watu, akacheka palipostahili, lakini mkasi wake ulikwenda kimya. Nilijua anachofikiria. Madoa mawili na hakuna dripu, na aliyeikata ni yeye.

Picha ilipigwa mwisho wa wiki ya sita ya vidonge. Safari hii tulikwenda watatu. Daktari akaweka ya zamani huku, mpya kule, na hatukuhitaji kuelezwa. Mawili, yaleyale, hayakuongezeka hata punje.

"Walinzi wakishaamka," daktari alisema, "kwa watu wengine hawalali tena hata dawa ikikoma. Siwezi kukuahidi. Lakini kwa leo wako macho."

Kaka akamshukuru daktari mara nyingi mpaka ikawa aibu. Wifi aliuliza swali moja tu, kama walinzi wakiwa macho wanaweza kuurudia utumbo. Daktari akasema ndiyo, hasa sasa vidonge vinapokaribia kwisha, ndiyo maana lazima aseme.

Hilo neno, "lazima aseme", ndilo nililolibeba mimi nyumbani. Kwa sababu sasa wifi alikuwa na sababu mbili za kunyamaza. Ameshakatiwa dripu, hana tena cha kulinda, na mtu asiye na cha kulinda anaweza kuchoka. Na pia ameshaonekana. Mtu aliyefumaniwa mara moja hujifunza kuficha vizuri zaidi, na huyu ana mikono ya kuficha kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilianza kumchunguza. Nilihesabu mara ngapi anachukua ufunguo. Niligeuza nguo zake ndani nje kwenye kamba ya kuanikia. Akanigundua, akaniambia, bila hasira, kwamba siwezi kuishi ndani ya tumbo lake. Ilikuwa kweli, nikaacha, ingawa roho ilibaki juu.

Ilibaki wiki moja ya vidonge. Mwalimu mkuu wa shule tunayoishonea alikuwa amekuja kujaribu koti lake la mahafali, mtu mzito, mwenye sauti ya kuhutubia hata akiagiza kifungo. Alisimama katikati ya chumba akiwa amevaa upande mmoja wa koti, upande wa pili umeshikwa na pini, na wifi amepiga magoti akipima upindo, pini nne midomoni. Mwalimu mkuu alikuwa akitueleza habari za nidhamu.

Wifi akasimama taratibu. Akatoa pini moja moja midomoni, akazichomeka kwenye kola yake. Uso wake ulikuwa umetoka jasho.

"Wifi," aliniita, kwa sauti ya kawaida, haikupanda wala kushuka. "Nimekwenda mara tano tangu asubuhi. Jana mbili. Nipigie ile namba."

Mwalimu mkuu akatazama dari. Mimi nikatafuta simu nikiwa siioni, ilhali ilikuwa mkononi mwangu, machozi yananidondoka juu ya vifungo na sikujali nani ananiona. Nilipompata nesi nilianza kueleza, lakini wifi akanyoosha mkono, akaichukua simu, akavuta kiti akakaa, na palepale mbele ya mgeni akaanza kumhesabia: saa kumi na mbili, saa moja na nusu, saa tatu.